Bodi mpya ya Ford ya mwaka 1932: mambo ya kutazama kabla ya kulipa

MWENYE kutaka kujenga gari la mwaka 1932 leo hii haanzi kwa kutafuta gari. Huanza kwa kutafuta bodi, na mara nyingi bodi hiyo haikuwahi kuiona 1932, kwa kuwa imetoka kiwandani mwaka jana.

Jambo hilo ni la kawaida nchini Marekani miongoni mwa wapenzi wa magari wanayoyaita hotirodi, yaani magari ya kale yaliyofumuliwa, yakapunguzwa uzito na kupewa injini yenye nguvu zaidi. Gari linalopendwa kuliko yote katika fani hiyo ni Ford ya mwaka 1932. Kwa vile magari halisi ya mwaka huo hayatoshi na yaliyobaki ni ghali, viwanda vimejitokeza kutengeneza bodi zinazofanana nayo, nyingine za chuma na nyingine za faibaglasi.

Mnunuzi, basi, anakabiliwa na uamuzi unaomgharimu maelfu ya dola hata kabla ya kununua injini. Akikosea, anaweza kubaki na bodi isiyokaa juu ya chesisi, au na gari zuri lenye hati za usajili zisizosema kweli. Kosa la kwanza hurekebishwa gereji. La pili humpeleka mtu mahakamani.

Kwa nini 1932

Tarehe 31 Machi 1932 kampuni ya Ford ilitangaza gari la bei nafuu lenye injini ya silinda nane zilizopangwa mfano wa herufi V. Injini hiyo ya inchi za ujazo 221, sawa na lita 3.6 hivi, ilitoa nguvu za farasi 65. Kabla ya hapo injini za aina hiyo zilikuwa za matajiri.

Vijana wa kusini mwa California waliyanunua magari hayo yakiwa yamechakaa, wakang'oa madigadi na kila walichokiona ni mzigo, wakaenda kushindana kwa kasi katika mabonde makavu ya ziwa Muroc na El Mirage. Chama chao cha kusimamia mashindano hayo, SCTA, kiliundwa mwaka 1937. Jarida la Hot Rod lilianza kuchapishwa Januari 1948, na filamu ya American Graffiti ya mwaka 1973 iliyokuwa na Ford ya manjano ya 1932 ikawasha upya moto uliokuwa umeanza kufifia.

Kuna sababu nyingine ya kiufundi ambayo wengi hawaitaji. Chesisi ya 1932 ilitengenezwa ionekane. Ubavu wake umebonyezwa mstari unaofuata umbo la bodi, hivyo madigadi yanapong'olewa gari halionekani kuvuliwa nguo. Mstari huo ni pambo, lakini kwa mnunuzi wa bodi mpya ni hakimu pia. Bodi iliyopinda hata kidogo husalitiwa nao, kwani jicho huona mara moja kwamba ukingo wa bodi na ubavu wa chesisi haviendi sambamba.

Namba iko wapi

Msomaji aliyewahi kupita kwenye karakana za Nairobi au Dar es Salaam zinazojenga mabasi juu ya chesisi za malori hatapata taabu kuelewa suala hili. Chesisi hufika ikiwa na magurudumu, injini na usukani. Bodi hujengwa baadaye na watu wengine kabisa. Ford ya 1932 nayo ni gari la namna hiyo. Bodi na chesisi ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja kwa bolti.

Namba ya gari ilipigwa muhuri kwenye chesisi, upande wa kushoto, na sehemu ya mihuri hiyo hufunikwa na bodi. Kwa lugha ya usajili, utambulisho wa gari la 1932 umo katika chuma cha chini, wala haumo katika umbo ambalo watu hulishangilia barabarani.

Matokeo yake ni makubwa. Mtu mwenye chesisi halisi na hati yake akiweka juu yake bodi mpya, anayo hoja ya kusema kwamba hilo ni gari la 1932 lililobadilishwa bodi. Mtu mwenye bodi mpya na chesisi mpya (kwa maana chesisi za mfano huo nazo hutengenezwa) ana gari jipya lililoundwa kwa mkono, hata kama kila bolti yake imefuata mchoro wa zamani. Majimbo ya Marekani hayana sheria moja kuhusu magari hayo. California, kwa mfano, ilipitisha sheria iitwayo SB 100 mwaka 2001, inayoruhusu magari 500 ya kwanza ya namna hiyo yanayoombewa usajili kila mwaka kupimwa moshi kwa masharti ya mwaka wa modeli yanayofanana nao. Anayekuja akiwa wa 501 husubiri mwaka mwingine.

Hatari huingia pale muuzaji anapotoa bodi mpya pamoja na "hati ya 1932" iliyonunuliwa mahali pengine. Hati bila chuma chake ni karatasi tu. Mwandishi wa makala haya haoni sababu yoyote ya kumwamini muuzaji wa namna hiyo hata bei yake ikiwa ya huruma.

Wanaodhani polisi hawajali mambo haya wakumbuke kisa cha Kansas. Mwaka 2017 mnunuzi mmoja alipeleka Chevrolet Corvette ya mwaka 1959 kukaguliwa ili isajiliwe. Alikuwa ameinunua kwa takriban dola 50,000. Wakaguzi waliona kwamba kibati cha namba kilikuwa kimeondolewa na kurudishwa wakati wa ukarabati, na gari likashikiliwa, ingawa mnunuzi hakutuhumiwa kwa wizi wala udanganyifu. Shauri hilo lilichukua miaka, na sheria ya jimbo ilirekebishwa mwaka 2022 ili kuwalinda wamiliki wa magari ya kale yaliyokarabatiwa kihalali. Gari lenyewe lilikuwa halisi. Atakayekuwa na bodi mpya na hati ya kuokota atajitetea kwa lipi?

Chuma cha zamani, chuma kipya

Wapo wanaoshikilia kwamba bodi halisi, hata iwe imeoza, ni bora kuliko mpya. Kwa gari lenye historia, hawajakosea. Maonyesho ya Pebble Beach, ambayo kwa miongo mingi yalikuwa ya magari ya kifahari pekee, yalifungua daraja la hotirodi za kihistoria mwaka 1997, na gari lililojengwa na Doane Spencer ndilo lililoshinda. Hakuna anayeweza kutengeneza historia ya namna hiyo kwa kukunja bati.

Lakini bodi iliyookotwa shambani ni jambo jingine. Ndani ya bodi nyingi za 1932 mlikuwa na vipande vya mbao vya kushikilia mabati. Mbao hizo zikioza, bati hulegea, hupasuka kwenye kona na kubeba maji. Fundi hukata sehemu ya chini yote, hubadilisha sakafu, huchomelea nguzo mpya, na mwishowe kinachobaki cha Henry Ford ni mgongo na nusu ya mlango. Anayekagua bodi ya zamani atembee na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Mahali isiponasa, chini yake kuna puti nene.

Bodi mpya za chuma hutengenezwa na kampuni chache. Inayojulikana zaidi kwa magari ya wazi ya viti viwili ni Brookville Roadster ya Ohio. United Pacific ya California hutengeneza bodi ya gari la paa lenye madirisha matano. Mabati hukandamizwa kwa kalibu na kuchomelewa, kama ilivyokuwa zamani. Bei ya bodi kamili huzidi dola 10,000, na bado haijapakwa rangi.

Kipimo cha bodi hizo ni rahisi kukieleza: je, mlango halisi wa 1932 unaingia? Je, kitasa cha zamani, fremu ya kioo cha mbele, dashibodi, vinakaa bila kutobolewa upya? Bodi inayokubali vipuri vya asili imefuata vipimo vya asili. Isiyokubali humfunga mwenye nayo kwa kampuni moja maisha yote ya gari, na kampuni hufilisika.

Faibaglasi si ya kudharauliwa

Faibaglasi ina jina baya ambalo nusu yake haistahili. Corvette yenyewe ilizinduliwa mwaka 1953 ikiwa na bodi ya nyuzi hizo za kioo zilizolowekwa gundi ngumu. Haishiki kutu na ni nafuu. Kwa mtu anayetaka kuendesha gari kila Jumamosi badala ya kushindania vikombe, inaweza kuwa chaguo la busara kabisa.

Tatizo ni kwamba faibaglasi huficha. Bodi mbili zinaweza kung'aa sawasawa dukani huku moja ikiwa imetandikwa kwa mkono, tabaka juu ya tabaka, na nyingine ikiwa imepulizwa haraka kwa bunduki ya nyuzi fupi, nene hapa na nyembamba pale. Wapo pia wanaochukua bodi ya kiwanda kingine, wakaitengenezea kalibu na kuuza nakala ya nakala. Kila kasoro ya mama huenda kwa mtoto, na mtoto huongeza zake.

Kwa hiyo usitazame nje. Ingiza kichwa ndani. Bodi nzuri ina mifupa, yaani mabomba au vyuma vilivyofungwa kuzunguka milango, nyuma ya dashibodi na chini ya nguzo za kioo, au mbao nzito zilizofunikwa gundi kila upande. Mbao iliyoachwa wazi itakunywa maji. Fungua mlango, uinue taratibu kwa ncha. Ukicheza kwenye bawaba, bawaba hazina chuma cha kuzishika, na mlango huo utaning'inia kabla ya mwaka kwisha. Magari ya wazi ndiyo yenye shida zaidi, kwa kuwa hayana paa la kuunganisha mbele na nyuma.

Gundi huendelea kukauka na kusinyaa baada ya bodi kutoka kwenye kalibu. Anayepaka rangi nyeusi juu ya bodi changa na kuianika juani huona alama za nyuzi na mbavu zikijitokeza juu ya rangi aliyoilipia ghali. Mafundi wenye subira huiacha ikomae kwanza. Vilevile umeme haupiti kwenye faibaglasi, hivyo kila taa na kila geji inahitaji waya wake wa ethi hadi kwenye chesisi. Magari mengi ya faibaglasi yenye "mashetani ya umeme" yana tatizo hilo tu.

Injini huchagua bodi

Wanunuzi wengi huchagua bodi kwanza na injini baadaye. Mpangilio huo hugharimu. Injini ya Ford ya 1932 ilikuwa na distribyuta mbele, kwa hiyo ukuta wa bodi nyuma ya injini uliweza kukaa karibu nayo. Chevrolet V8 ya mwaka 1955, ambayo ndiyo injini iliyowekwa sana katika hotirodi, ina distribyuta nyuma, na hugonga ukuta huo. Bodi nyingi mpya hutolewa na ukuta uliorudishwa ndani ili kuipa nafasi. Mwenye kutaka injini ya asili aagize ukuta bapa wa asili. Mwenye kutaka Chevrolet aagize uliorudishwa, na akubali kwamba miguu yake itabanwa kidogo.

Sakafu nayo ni hivyo hivyo. Gia boksi za kisasa ni kubwa, zinahitaji handaki refu zaidi. Katika magari ya paa, kampuni kadhaa huuza bodi iliyokwisha kupunguzwa kimo kwa inchi kadhaa. Huonekana vizuri pichani, ila mtu mrefu ajaribu kuketi ndani kabla ya kulipa, tena akiwa na kofia.

Jaribio la mwisho hufanyika juu ya chesisi ile ile itakayotumika, wala si juu ya meza ya kiwanda. Bodi hukaa juu ya vipande vya raba au turubai, na nyufa za milango hurekebishwa kwa kuongeza au kupunguza vibati vyembamba chini ya bolti. Ukikaza bolti moja ya mbele, ufa wa mlango hufunguka juu. Mafundi wazoefu huweka injini na gia boksi kwanza ili chesisi ibebe uzito wake, ndipo hufunga bodi, milango, boneti na kioo cha mbele, vyote vikiwa bado bila rangi. Wengine huliendesha gari likiwa hivyo kwa wiki kadhaa, kisha hupima nyufa tena kabla ya kulipeleka kwa mpaka rangi.