Haut-Katanga: Siku kuu ni ya mvumbuzi ao ya yule aliyemkuta?

Huko Karavia, pembeni ya ziwa la Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba si siku kuu. Lakini Hispania na katika inchi nyingi za Amerika, siku hiyo inakumbusha Christophe Colomb, aliyefika kwenye visiwa vya Bahamas tarehe 12 Oktoba 1492. Tarehe ni moja, majina ni mengi.

Hispania, sheria ya mwaka 1987 inaiita Siku kuu ya Taifa, na jeshi linafanya gwaride mbele ya mfalme. Marekani, Siku ya Colomb inafanywa Jumatatu ya pili ya Oktoba. Waitaliano waliohamia huko waliipenda sana, juu Colomb alikuwa mtu wa kwao. Miji mingi sasa inaiita Siku ya Wenyeji, yaani ya wale waliokuwa huko mbele yake. Venezuela iliipa jina la Upinzani wa Wenyeji mwaka 2002. Bahamas yenyewe ilifuta Siku ya Uvumbuzi na kuweka Siku ya Mashujaa wa Taifa.

Kalenda ya Kongo haina siku kuu ya mvumbuzi yeyote. Stanley alipewa mji, Stanleyville, lakini mwaka 1966 ukaitwa Kisangani, wakati ule ule Elisabethville ilipoitwa Lubumbashi.

Katanga ina tarehe yake. Desemba 1891, msafara wa William Stairs, mzaliwa wa Canada, ulifika Bunkeya kwa ajili ya mfalme Léopold II, aliyetaka inchi hii ya shaba. Mwami Msiri alikataa kuwa chini ya bendera yake. Tarehe 20 Desemba, Omer Bodson, afisa Mbelgiji, alimpiga Msiri risasi akafa. Bodson naye aliuawa. Stairs alikufa na malaria mwaka uliofuata, akiwa njiani kurudi.

Kila tarehe 20 Desemba, Bayeke wanakusanyika Bunkeya, sasa katika jimbo la Lualaba, kwa ngoma na heshima mbele ya Mwami wao. Hawamkumbuki mgeni aliyefika. Wanamkumbuka mwenye kiti aliyekataa.

Hata hivyo, jina la Msiri halisikiki namna moja kwa kila mtu. Yeye pia alitoka mbali: baba yake alikuwa mfanyabiashara Mnyamwezi, kutoka inchi inayoitwa leo Tanzania. Alijenga ufalme wake kwa bunduki, kwa shaba, kwa pembe za ndovu na kwa kuuza watumwa. Mwaka 1891, Basanga walikuwa wamekwisha kumuasi. Kwa wazao wa watu hao, kifo chake si lazima kiwe kilio.

Kwa hiyo kugeuza jina la siku kuu hakumalizi mabishano. Anayeondoa jina la Colomb anapaswa kusema ni nani anawekwa pahali pake, na wengine watauliza kwa nini si wao. Huko Lubumbashi, mji ambamo Bayeke, Basanga, Balamba, Baluba na wengine wanaishi mtaa mmoja, swali hilo si la Amerika tu. Mtoto anayefundishwa kwamba Msiri alikufa akikataa bendera ya mgeni anastahili kufundishwa pia ni nani aliyemuasi, na kwa sababu gani.