Ndoana si mzigo wa mkononi

KILA kaskazi inaposhika, wavuvi wa kujiburudisha huelekea Malindi na Watamu kuwasaka nduaro na sulisuli. Wengi huja kwa ndege, na hapo ndipo matatizo huchipuka kabla hata ya bahari kuonekana.

Ndoana kubwa, kulabu na visu vya kupasulia samaki sharti viwekwe katika mizigo ya tumboni mwa ndege. Kila ncha yapasa kufunikwa, si kwa ajili ya kanuni pekee bali pia kumwepushia jeraha afisa wa usalama atiaye mkono mkobani. Chubwi nazo zina balaa lake: madini ya risasi huonekana kama doa jeusi katika mashine ya ukaguzi, na aghalabu mkoba hufunguliwa. Isitoshe, baadhi ya ndege ndogo zitokazo uwanja wa Wilson huruhusu kilo 15 pekee kwa abiria. Heri chubwi zinunuliwe pwani.

Betri za akiba za lithiamu, kinyume chake, hubebwa mkononi, kwa kuwa zikishika moto wahudumu watauona mara moja.

Kinachoumia zaidi ni ufito, hasa ncha yake. Bomba la plastiki la maji, likikatwa kwa kipimo na kujazwa matambara pande zote mbili, huulinda kuliko mfuko wowote wa kitambaa. Lakini shirika la ndege liulizwe kwanza kuhusu urefu: ufito usiogawanyika huenda ukabaki Nairobi, mwenyewe akiwa tayari ufuoni.