Kamera yetu ya depo ililia mpaka zamu akakata waya

Wengi mnaniuliza: agronome anatafuta nini kwenye kamera? Anatafuta mbegu. Mwaka jana tuliweka mbegu ya mpunga katika depo moja hapa Kasongo, ile ya kugawia wakulima kabla ya mvua. Tukafunga kamera 2 na sireni, vyote kwenye batri ya paneli ya jua. Mimi njo nilipanga. Nikapandisha usikivu mpaka mwisho, nikiwaza kamera yenye kusikia sana inalinda sana.

Usiku wa kwanza sireni ililia hadi alfajiri. Wa 3, majirani wakaja kulalamika. Wa 4, baba zamu akakata waya, na sikumlaumu. Wa 6, magunia 4 yakatoka. Kamera ilirekodi yote vizuri: watu 2, hawana hata haraka.

Kumbe kamera ya kawaida haijui mtu wala mbuzi. Inalinganisha picha na ile iliyotangulia. Vidoto vya kutosha vikibadilisha mwanga, inasema kuna mwendo. Kwa hiyo mvua ni mwendo, jani la mgomba ni mwendo, taa ya moto ikipita barabarani ni mwendo. Usiku ni mbaya zaidi: kamera inawasha taa zake ambazo jicho letu halizioni, na mdudu akipita karibu na kioo anaonekana mweupe, mkubwa kama mtu. Buibui naye anapenda kujenga palepale. Kitambaa cha kupangusia njo chombo cha kwanza.

Kisha ingia kwenye mipangilio, chora zoni. Picha inagawanywa miraba. Mimi niliacha mlango na njia ya magunia tu, nikatoa migomba, anga na barabara.

Hapa wengi wanachanganya mambo mawili. Usikivu unasema badiliko dogo kiasi gani lihesabiwe. Ukubwa unasema sehemu gani ya zoni lazima ibadilike. Nilishusha usikivu hadi katikati, nikapandisha ukubwa mpaka kuku asihesabiwe lakini mtu ahesabiwe. Jaribu mwenyewe kwa kutembea pale, usiku, na mvua ikinyesha. Majaribio ya saa sita mchana yatakudanganya, ni hayo yalinidanganya mimi.

Jambo lingine: tenganisha kurekodi na kulia. Kurekodi kwa kosa kunakula nafasi kidogo kwenye kadi ya memori, basi. Kulia kwa kosa kunakula imani ya zamu. Basi kamera zetu zinarekodi mchana na usiku, lakini sireni inafunguliwa saa moja ya jioni na kufungwa saa kumi na moja ya asubuhi.

Tena haisikilizi kamera peke yake. Pale mlangoni tuliongeza kifaa kinachohisi joto la mwili, na sireni inalia wote wawili wakikubaliana. Kifunge pembeni: kinamwona vizuri mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayekuja kikimtazama uso kwa uso. Ujumbe kwenye simu ni nyongeza tu, maana rezo yetu mnaijua. Sireni iko kwenye waya.

Wiki iliyopita ililia mara moja, saa nane ya usiku. Ilikuwa mbuzi wa jirani. Baba zamu aliamka, akachukua toshi, akaenda kuangalia.