Fleti za Wageni Katikati ya Mbarara: Jiko Ndilo Linaloamua Gharama

Hoteli ya fleti ni nyumba ya wageni ambayo kila seti ya vyumba ina jiko, bafu na sebule yake, na ambayo hukodishwa kwa usiku, kwa wiki au kwa mwezi bila mgeni kutakiwa kusaini mkataba wa upangaji wala kuja na kitanda, sufuria na mapazia yake. Hufanana na hoteli kwa kuwa ina mapokezi, shuka hubadilishwa na vyumba hufagiliwa. Hufanana na nyumba ya kupanga kwa kuwa mgeni hupika mwenyewe na huingia na kutoka kwa saa zake. Mbarara, jiji lililo kilomita 270 hivi kusini magharibi mwa Kampala, lina malazi ya aina hii pamoja na gesti, loji na hoteli za kawaida, lakini wageni wengi wa kipato cha chini hawayaulizii, kwa kudhani kwamba fleti ni ya watumishi wa mashirika na wafanyabiashara wakubwa. Dhana hiyo inastahili kupimwa kwa hesabu, kwa sababu familia itakayokaa mjini zaidi ya siku tatu au nne huweza kutumia fedha nyingi zaidi katika gesti ya bei ya chini kuliko katika fleti ya kawaida.

Wanaohitaji hesabu hiyo kuliko wengine ni wakazi wa Nakivale. Makazi hayo ya wakimbizi, yaliyomo katika wilaya ya Isingiro na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, ni miongoni mwa makazi ya zamani kabisa ya wakimbizi barani Afrika, na leo yana zaidi ya watu laki moja kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko, ambao jiji lao la karibu ni Mbarara. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea nchini, pamoja na masharti yake, na watu huitumia haki hiyo kwa shughuli za lazima: mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Mbarara, kijana anayeanza masomo katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilichoanzishwa mwaka 1989, mfanyabiashara anayefuata bidhaa za jumla, au ndugu aliyetoka ng'ambo kuwatazama wazazi wake. Safari huanza kwa taksi, yaani basi dogo la abiria, katika barabara ya vumbi kabla ya kuikuta lami, na mtu mwenye mgonjwa hawezi kuirudia kila asubuhi na jioni. Lazima alale mjini.

Hali ya mgonjwa ndiyo inayoonyesha waziwazi tofauti kati ya kulala na kukaa. Katika hospitali za umma za Uganda, jamaa za mgonjwa ndio wanaompikia, wanaomfulia na wanaomwogesha, kwa hiyo mgonjwa mmoja aliyelazwa huwaleta mjini watu wawili au watatu wazima, na mara nyingi pamoja nao mtoto anayenyonya. Anayeuguza huamka alfajiri kuchemsha uji, huutia katika chupa ya chai ili usipoe njiani, hurudi na nguo chafu za mgonjwa, huzifua, huzianika, kisha huanza kuandaa chakula cha mchana. Gesti ya kitanda na beseni haikujengwa kwa ajili ya kazi hizo, na wenye gesti wengi huzikataza, kwa sababu moshi huharibu kuta na maji ya kufulia huongeza bili. Matokeo yake ni kwamba uji hununuliwa mkahawani kwa kikombe, chakula cha mgonjwa hununuliwa kwa sahani, na fedha iliyokusanywa na ukoo mzima humalizika kabla ya matibabu kumalizika.

Fikra ya kumpa msafiri chumba pamoja na jiko si ngeni katika Afrika Mashariki. Katika miji ya pwani kama Mombasa na Zanzibar, jumuiya za Waislamu wenye asili ya Kihindi zilijenga musafirkhana, nyumba ambamo msafiri na familia yake waliweza kukaa siku kadhaa kwa malipo madogo. Huko Marekani historia ilipita njia nyingine ya ajabu kidogo: baada ya jiji la New York kupitisha mwaka 1901 sheria kali juu ya nyumba za kupanga, wajenzi walijenga fleti zilizohesabiwa kisheria kuwa hoteli ili waruhusiwe kwenda juu zaidi, na sharti lake likawa kwamba fleti hizo zisiwe na majiko kamili, wakazi wakila katika ukumbi wa chini. Jiko lilirudi kuwa kiini cha biashara hii mwaka 1975, Jack DeBoer alipoanzisha mjini Wichita, katika jimbo la Kansas, hoteli za Residence Inn kwa ajili ya watu wanaosafiri kikazi na kukaa wiki nzima au zaidi. Kampuni ya Marriott ilizinunua mwaka 1987, na tangu hapo mtindo huo umeenea duniani. DeBoer alikuwa akimfikiria mtumishi wa kampuni, lakini hoja yake inamfaa vilevile mama anayemuuguza mwanawe Mbarara: anayekaa muda mrefu hahitaji ukumbi wa kupendeza, anahitaji mahali pa kupikia na pa kuhifadhia chakula.

Hesabu yenyewe ni rahisi, na tarakimu zinazofuata ni za mfano tu, zilizochaguliwa ili kuonyesha njia ya kukokotoa, wala si bei ya nyumba yoyote. Ichukuliwe familia ya watu wanne wanaohitaji vyumba viwili vya gesti kwa shilingi 35,000 kila kimoja, yaani 70,000 kwa usiku, na ambao wakila mkahawani kila mmoja hutumia 20,000 kwa siku, jumla 80,000. Kwa siku kumi malazi yao ni 700,000 na chakula ni 800,000, jumla milioni moja na nusu. Familia hiyohiyo ikichukua fleti ya vyumba viwili kwa 90,000, malazi yatakuwa 900,000, ambayo ni zaidi ya gesti kwa laki mbili. Lakini ikipika mwenyewe kwa 25,000 kwa siku, chakula kitakuwa 250,000, na jumla yote 1,150,000. Aliyetazama bei ya chumba peke yake ameiona fleti kuwa ghali, ilhali mwisho wa siku kumi ingemwachia shilingi 350,000, fedha ambayo kwa mgonjwa ni vipimo na dawa.

Hesabu hiyohiyo huonyesha pia mahali ambapo fleti haifai. Katika usiku wa kwanza familia hulazimika kununua mafuta, chumvi, sukari, sabuni na mchele kwa pamoja, na ikiwa itaondoka kesho yake, matumizi hayo hula faida yote. Mtu mmoja aliyekuja kufuata hati na kurudi hana sababu ya kulipia sebule asiyoikalia. Gesti safi yenye mlango unaofungika inamtosha. Kwa hiyo fleti ni ya watu wengi kwa siku nyingi, na kadiri watu au siku zinavyopungua ndivyo unafuu wake unavyopungua.

Jiko linalotajwa katika tangazo halifanani na jiko lingine, na hapa ndipo wageni wengi hukwama. Baadhi ya fleti zina mtungi wa gesi, nyingine zina jiko la umeme la mabamba mawili, na nyingine zina meza na karo tu. Palipo na umeme, mita nyingi ni za Yaka, mfumo ambao mtumiaji hununua umeme kwanza kwa simu na kuingiza namba katika mita, na ulioendelea kutumika hata baada ya kampuni ya Umeme kumaliza muda wake mwaka 2025 na usambazaji kurudi mikononi mwa shirika la serikali la UEDCL. Swali la nani ananunua Yaka lazima lijibiwe kabla ya kulipa, kwa maana jiko la umeme humaliza uniti upesi, na familia ya Kikongo inayotaka sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa na kuchemshwa kwa saa kadhaa kabla ya kutiwa mawese, itatumia umeme au gesi nyingi kuliko ile iliyofikiriwa na mwenye nyumba alipopanga bei. Nyumba zenye busara hutenga kibaraza cha nyuma au ua wa kuwekea sigiri, jiko dogo la makaa, ili sombe na maharagwe yapikwe huko na gesi ibakie kwa chai na mboga za haraka. Sigiri haipaswi kuwashwa ndani ya chumba kilichofungwa hata mvua ikinyesha, kwa sababu makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo huua watu usingizini. Maji nayo huulizwa: Mbarara imetegemea kwa miaka mingi mto Rwizi, ambao hupungua sana wakati wa kiangazi, na nyumba isiyo na tangi humfanya mgeni wa ghorofa ya tatu kupandisha madumu kwa ngazi.

Baada ya jiko hufuata mahali. Kadiri mtu anavyosogea mbali na High Street, barabara kuu ya biashara, ndivyo bei ya malazi inavyoelekea kushuka, na wapo wanaoona afadhali kulala upande wa Makenke, eneo linalojulikana kwa kambi ya Divisheni ya Pili ya jeshi la Uganda. Makenke ina mvuto wake kwa mgeni wa Nakivale, kwani jeshi la Uganda limetumia Kiswahili tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, na mtu asiyejua Kinyankole wala Kiingereza huweza kuulizia chumba, bei na njia bila kuhitaji mkalimani. Anayekuja kumtembelea ndugu yake askari hana haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo. Lakini anayeuguza huenda hospitali mara tatu kwa siku. Nauli ya boda boda ikiwa, kwa mfano, 3,000 kwenda na 3,000 kurudi, siku moja hula 18,000, na siku kumi 180,000. Chumba kilichopungua bei kwa 15,000 kila usiku kitakuwa kimeokoa 150,000 na kupoteza zaidi ya hiyo, bila kutaja hatari ya kupanda pikipiki usiku na sufuria mkononi. Katikati ya mji kuna kelele za baa mwishoni mwa wiki na honi tangu alfajiri, na mgeni hufanya vyema kuomba chumba kinachotazama nyuma. Hata hivyo hospitali, soko kuu, paki ya taksi na maduka ya dawa yote hufikika kwa miguu, na kwa anayeuguza hilo lina uzito kuliko utulivu.

Jambo ambalo wenye nyumba na wageni huliacha gizani ni hali ya kisheria. Mpangaji wa nyumba nchini Uganda analindwa na Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022, ambayo pamoja na mengine huzuia kodi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Mgeni wa hoteli kwa kawaida si mpangaji, bali ni mtu aliyeruhusiwa kulala kwa siku alizolipia, na siku hizo zikiisha chumba huweza kupewa mwingine. Anayetarajia kukaa mwezi mzima na zaidi, kama mgonjwa wa matibabu ya awamu, afikirie kupanga chumba badala ya kulipia fleti kwa usiku. Kwa muda mfupi zaidi, kinachomlinda ni risiti yenye tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka na kiasi alicholipa, iwe kwa fedha taslimu au kwa simu. Mapokezi huandikisha kitambulisho cha kila mtu mzima, na mkimbizi hutoa kadi inayotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo ndiyo inayosimamia wakimbizi. Kadi hiyo ni hati halali ya serikali, na kumkataa mtu mlangoni kwa sababu ameishika hiyo badala ya kitambulisho cha taifa ni dhuluma isiyo na msingi.

Fleti hizi zina nafasi ya kuwatumikia watu wengi zaidi kuliko sasa, lakini bei zake hutangazwa kwa namna inayomfukuza mwenye haja. Katika mitandao ya kuweka nafasi huonekana picha nzuri na bei ya dola kwa usiku mmoja, bila bei ya wiki na bila neno juu ya Yaka, gesi, godoro la ziada au mtoto. Mtu wa Nakivale huitazama, huona dola, na huachana nayo. Wenye nyumba wanaojua kwamba wageni wao wengi ni jamaa za wagonjwa wangejisaidia wao wenyewe kama wangebandika mapokezi, kwa Kinyankole, Kiingereza na Kiswahili, bei moja kamili ya shilingi kwa usiku, kwa wiki na kwa wiki mbili, iliyojumlisha kodi, maji na umeme wa kiwango kinachotajwa, pamoja na kanuni za sigiri na za kufua. Nao wageni, kabla ya kukabidhi fedha, waombe kuonyeshwa jiko likiwa linawaka na bomba likiwa linatoa maji, na waondoke hapo na risiti mkononi.