Kwa Nini Hatugeuki Mawe? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliutazama mwamba wenyewe: jiwe la matimbo ya Matsangoni, linalokatwa matofali na kujengewa nyumba kuanzia Roka hadi Gede. Tuliona kwamba jiwe hilo lilikuwa matumbawe hai yapata miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu ya kiwango cha leo kwa mita kadhaa, na kwamba mafundi wa mji wa kale wa Gede walilijengea kuta zao na kuzilainisha kwa chokaa. Leo tunaingia ndani ya mdudu aliyelitengeneza jiwe hilo, kisha ndani ya miili yetu sisi, maana swali la kuulizwa huko na huku ni lile lile.

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban miligramu 400 za kalsiamu. Lita moja ya majimaji ya damu ya binadamu ina kama 100. Maji ya juu ya bahari yetu yenye joto yamebeba kalsiamu na kaboneti kupita kiwango kinachotosha kuganda. Majimaji ya mwilini nayo yana kalsiamu na fosfeti ya kutosha kutoa madini ya mfupa. Tukiifuata hesabu hiyo peke yake, bahari ya Uyombo ingekuwa ikidondosha unga mweupe mchana kutwa, na mishipa ya damu ya kila mmoja wetu ingekwisha kukakamaa kabla hajaota meno. Mbona hayawi?

Jibu ni kwamba kugandisha chokaa si kazi ngumu. Kazi ngumu ya kiumbe hai ni kuizuia isigande pasipotakiwa, halafu kuondoa kizuizi mahali pamoja tu, kwa kipimo. Mtu akilishika hilo, ataelewa kwa mkupuo mmoja mfupa, tumbawe, kijiwe cha figo na hata kovu la kichocho.

Tuchukue asali ya warina wa pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Sukari iliyomo imezidi uwezo wa maji yake, lakini asali hukaa majuma mengi ikiwa laini. Chembe ya kwanza ikishaganda, nyingine huidandia, na baada ya muda chupa nzima huwa chengachenga. Chokaa nayo ndivyo ilivyo: shida yake ni kuanza. Basi vizuizi vyote, vya baharini na vya mwilini, hupigana na chembe ile ya kwanza.

Baharini kizuizi kikuu ni magnesiamu, ambayo kwa uzito ni zaidi ya mara tatu ya kalsiamu. Hujipenyeza kwenye chembe changa za chokaa na kuzivuruga zisikue. Mwilini wapo walinzi kadhaa. Katika miaka ya 1960 mtafiti Mswisi Herbert Fleisch na wenzake walionyesha kwamba pairofosfeti, kiungo kidogo kilichomo ndani ya damu na mkojo, huzuia madini ya mfupa yasigande. Mlinzi mwingine ni protini inayotengenezwa na kuta za mishipa ya damu, ambayo haifanyi kazi bila vitamini K, ile inayopatikana kwa wingi katika mboga za majani. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walizalisha panya wasio na protini hiyo kabisa. Panya walizaliwa wazima, lakini mishipa yao mikubwa iligeuka chokaa, ikapasuka, na wote wakafa kabla ya miezi miwili kwisha. Hakuna aliyewaongezea kalsiamu. Waliondolewa mlinzi tu.

Sasa tuone kizuizi kinavyoondolewa panapotakiwa. Mwaka 1923 Robert Robison, akifanya kazi London, aligundua katika mifupa inayokua kimeng'enya kinachokata fosfeti kutoka kwenye viungo vingine. Baadaye ikafahamika kwamba miongoni mwa vinavyokatwa ni pairofosfeti yenyewe. Kwa hiyo seli za mfupa hufanya mambo mawili kwa pigo moja: humwondoa mlinzi, na vipande vyake vikawa malighafi ya mfupa. Madini hayo hujipanga ndani ya nyuzi za kolajeni, wala si popote. Mtu mzima ana kama kilo moja ya kalsiamu, na asilimia 99 yake imefungiwa katika mifupa na meno.

Tumbawe hutumia njia yake. Polipu, yule mdudu laini mwenye mdomo mmoja na minyiri kuuzunguka, hukalia jiwe alilolijenga mwenyewe. Kati ya nyama yake na jiwe pana mwanya mwembamba mno wa majimaji. Polipu husukuma kalsiamu iingie kwenye mwanya huo na kuisukuma asidi itoke, hadi majimaji yale yawe makali kwa upande wa magadi kuliko bahari ya nje. Hapo kaboneti huongezeka na chokaa huganda juu ya jiwe la jana. Kazi hiyo inakula nguvu nyingi, na nguvu nyingi hutoka kwa mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama ya polipu na kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Ndiyo sababu matumbawe mengi hujenga kwa kasi zaidi mchana kuliko usiku, jambo ambalo Thomas Goreau alilipima huko Jamaica katika miaka ya 1950.

Tofauti ya jiwe la bahari na jiwe la mwili inaonekana jikoni. Kamulia ndimu kwenye kipande cha jiwe la timbo: povu litachemka papo hapo, maana asidi imekutana na kaboneti na hewa ya kaboni dioksidi inatoka. Kisha chukua mfupa wa paja la kuku, uusafishe, uuloweke katika siki. Hautatoa povu la namna ile, kwa kuwa madini yake mengi ni fosfeti. Lakini ukiuacha siku kadhaa na kubadilisha siki, utaweza kuupinda bila kuuvunja. Madini yametoka, zimebaki nyuzi za kolajeni. Wapo wanazuoni wanaoona kwamba wanyama wenye uti wa mgongo walifaidika na fosfeti kwa sababu haiyeyuki upesi damu inapozidi asidi, kama inavyokuwa baada ya mbio kali.

Kwa kuwa tumbawe hujenga juu ya kazi ya jana bila kuibomoa, jiwe lake hubaki na kumbukumbu. Yale makubwa ya mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka, na kila mwaka huacha pete yake. Mwaka 2000 Julia Cole, pamoja na wenzake wakiwemo Tim McClanahan na Nyawira Muthiga, walichapisha rekodi ya miaka 194 ya joto la bahari iliyosomwa katika tumbawe la Malindi. Mwaka 2007 kundi jingine lilitangaza matokeo ya tumbawe la Malindi lenye umri wa kama miaka 300. Hao walipima bariamu, madini yanayoletwa na udongo wa mto Sabaki na kuchukua nafasi ya kalsiamu ndani ya jiwe. Bariamu ilipanda sana kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, wakati mashamba ya bara yalipoanza kupoteza udongo kwa wingi. Mmomonyoko wa Ukambani umeandikwa katika mwamba wa Malindi.

Na mlinzi akishindwa? Mfano wa kwanza ni kijiwe cha figo, ambacho mara nyingi ni kalsiamu iliyoshikana na oksaleti. Wengi huvilaumu visima vyetu vilivyochimbwa ndani ya mwamba, kwa sababu maji yake huacha gamba jeupe katika birika. Lawama hiyo ina kasoro. Mwaka 1993 Gary Curhan na wenzake walichapisha utafiti wa wanaume zaidi ya 45,000 wa Marekani. Waliokula vyakula vyenye kalsiamu nyingi walipata vijiwe vichache, si vingi. Inaelekea kwamba kalsiamu ya chakula hukutana na oksaleti ya mchicha na njugu tumboni, zikatoka pamoja chooni kabla ya kufika kwenye figo. Hatari kubwa zaidi hapa kwetu ni jua na jasho: asiyekunywa maji ya kutosha, mkojo wake huwa mzito. Ndimu nayo ina sitreti, ambayo ni mlinzi mzuri ndani ya mkojo, ingawa haiyeyushi kijiwe kilichokwisha kuganda.

Mfano wa pili ni kichocho cha mkojo, ambacho pwani ya Kenya inakijua vizuri. Minyoo yake hukaa katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu na kutaga mayai yenye mwiba. Mengine hutoka na mkojo pamoja na damu. Mengine hunasa kwenye ukuta wa kibofu na kufa, na tishu iliyokufa ni mahali pasipo mlinzi. Chokaa hujikusanya humo, hata katika picha ya eksirei ya mgonjwa wa miaka mingi kibofu huonekana kimezungukwa na mstari mweupe. Mwaka 1910 Marc Armand Ruffer alitangaza kwamba ameyaona mayai ya namna hiyo, yaliyokwisha kuwa chokaa, katika figo za maiti za Misri zenye umri wa miaka 3,000 hivi. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo. Haikutengenezwa kuyeyusha chokaa, kwa hiyo mtoto anayekojoa damu apelekwe zahanati mapema, asiambiwe kwamba amebalehe.

Mfano wa tatu unahusu figo zilizochoka. Zikishindwa kutoa fosfeti, madini huanza kuganda katika kuta za mishipa ya damu. Wakati huohuo damu huzidi asidi, na mwili hukopa madini ya mifupa ili kuipunguza. Mgonjwa hupoteza chokaa panapotakiwa na kuipata pasipotakiwa.

Bahari nayo imeanza kukopa. Kaboni dioksidi ya viwanda na magari huyeyuka ndani ya maji na kuwa asidi. Tangu mapinduzi ya viwanda, asidi ya maji ya juu ya bahari duniani imeongezeka kwa karibu asilimia 30. Maji bado hayayeyushi matumbawe ya Watamu, lakini kila polipu sasa analazimika kusukuma zaidi ili apate jiwe lile lile, na chaza wa hori la Mida wamo katika hesabu hiyo hiyo. Anayesukuma kwa nguvu huhitaji chakula, na chakula cha polipu hutoka kwa mwani wake. Joto kali likimfukuza mwani huyo, ujenzi husimama. Hayo ndiyo yaliyotokea pwani yetu mwaka 1998, nasi tutayaeleza katika sehemu ya tatu, juma lijalo.