Sadfa Ianzishe Balaa, Isiimalize

Walimu wanaosahihisha insha katika shule za Kitale na Bungoma wanaijua vyema tamati hii: shujaa amezingirwa na majambazi, matumaini yamekwisha, mara polisi wanatokea pasipo kuitwa. Ama anazinduka usingizini, kumbe ilikuwa ndoto! Sasa tamati hiyo imehamia katika miswada ya filamu ambayo wanafunzi huandikia tamasha za drama na filamu. Yafaa basi tujiulize: ni nini hasa hukifanya kisa cha uhalifu kisadikike?

Tuitazame Nairobi Half Life, filamu ya mwaka 2012 iliyoongozwa na David 'Tosh' Gitonga, ya kwanza kutoka Kenya kuwasilishwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha ya kigeni. Mwas, kijana wa kijijini anayetamani kuwa mwigizaji, anaingia Nairobi na kuporwa papo hapo. Anatiwa korokoroni, anakutana na Oti, na punde si punde yumo katika genge la wezi wa vipuri vya magari. Kukutana kwao ni sadfa tupu, lakini hatulalamiki. Mzazi wa Kitale aliyewahi kumsindikiza mwanawe kwenye basi la Nairobi anaijua hofu hiyo.

Lugha nayo inaupa msuko nguvu. Kikuyu, Kiswahili, Sheng na Kiingereza zinapokezana vinywani mwa wahusika kwa kadiri ya mahali na mtu anayesemeshwa. Hakuna jambazi anayezungumza kama kitabu cha sarufi.

Utata unazuka mwishoni. Polisi wafisadi wanawamaliza wanagenge. Mwas ananusurika, kisha anajitokeza jukwaani kuigiza. Nilipoijadili tamati hii na wanafunzi wangu mjini Bungoma, mmoja alinitetea hoja: "Mwalimu, maishani mambo kama hayo hutokea."

Hutokea, naam. Lakini Aristotle alikwisha kutufunza kwamba katika sanaa, lisilowezekana lakini likasadikika ni bora kuliko linalowezekana lisilosadikika. Sadfa ina ruhusa ya kumtumbukiza mhusika matatani. Kumwopoa ni kazi ya matendo yake mwenyewe. Kwa maoni yangu, hapo filamu inayumba. Kinachoiokoa ni kwamba Mwas hakunusurika bure: wenzake wamekufa, naye anasimama mbele ya hadhira akiubeba msiba huo.

Hili si suala la mtindo pekee. Kijana anayezoea visa ambamo mkosaji huopolewa kwa muujiza hufunzwa kwamba uhalifu hauna gharama.

Kwa hivyo, mwalimu mwenzangu, polisi watakapotokea ghafla katika mswada wa mwanafunzi wako, usiandike tu "vizuri". Muulize: ni nani aliyewaita? Kituo kiko umbali gani? Na kwa nini, siku hiyo, gari lao lilikuwa na mafuta?