Mtoto Yuko Nyumbani: Tuanze na Nini?

(Muziki wa kufungulia, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: Mama, baba, shangazi, na wewe dada mkubwa unayelea wadogo zako, kipindi cha leo ni chenu. Mtoto amekaa nyumbani. Pengine ada imekosekana, pengine mmefika kambini katikati ya muhula. Unataka kumfundisha mwenyewe. Uanze na nini?

Nitawaambia kosa langu. Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022. Wakati ule tuliishi Kalerwe, mjini Kampala, chumba kimoja karibu na soko. Mdogo wangu alikuwa darasa la tatu. Niliazima madaftari ya jirani, nikampangia masomo yote: asubuhi sayansi, mchana maarifa ya jamii, jioni Kiingereza. Alinakili kurasa nzima kwa mwandiko mzuri. Nilijisifu.

Kisha wauza chakula wakaamriwa walale sokoni. Mama, muuza nyanya, akalala huko. Siku moja mtoto wetu mchanga alishikwa na homa. Mama akatuma dawa na karatasi aliyoandika kwa Kiswahili, kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Mimi nilikuwa nimeenda kuchota maji. Niliporudi, mdogo wangu alikuwa ameketi na karatasi mkononi, mtoto analia. Hakuweza kuisoma. Alijua kuchora herufi, hakujua kusoma.

(Muziki mfupi)

MTANGAZAJI: Kunakili si kusoma. Masomo mengine yote hupitia mlango mmoja: kusoma, kuandika na kuhesabu. Tanzania huziita KKK, na mwaka 2015 ilipanga upya mtaala wa darasa la kwanza na la pili ili zipewe nafasi ya kwanza. Mtoto akishajua hizo, kitabu cha sayansi atakifungua mwenyewe.

Hatua ya kwanza, mpime. Usiulize yuko darasa gani, uliza anaweza nini. Mwandikie silabi: ba, be, bi, bo, bu. Kisha maneno: baba, maji, soko. Kisha sentensi moja. Kisha hadithi fupi ya mistari mitano. Anapokwama, hapo ndipo pa kuanzia, hata kama ana miaka kumi na miwili. Usimcheke.

Hatua ya pili, tumia lugha anayoielewa. Kiswahili kinasomwa kama kinavyoandikwa, kwa hiyo mtoto huona matunda mapema. Akishajua kuunganisha sauti, atatumia ujuzi huohuo kwenye Kiingereza cha shuleni. Kama hamna daftari, andikeni kwa mkaa sakafuni au kwa kijiti mchangani.

Hatua ya tatu, mpe hesabu za kushika mkononi. Visoda, maharagwe na mawe vinatosha. Kule Kalerwe tulicheza duka: mafungu matatu ya nyanya, kila fungu shilingi 1,000, mteja ametoa 5,000, arudishiwe ngapi? Kujumlisha na kutoa kwanza, kuzidisha baadaye.

Hatua ya nne, muda mfupi kila siku. Nusu saa ya kusoma na nusu saa ya hesabu, basi. Kule Botswana, shule zilipofungwa mwaka 2020, wazazi walipigiwa simu mara moja kwa wiki, kama dakika 20, pamoja na ujumbe mfupi wa hesabu. Watoto wao waliendelea vizuri kuliko wale ambao hawakupata kitu. Dakika chache zenye lengo zinafanya kazi.

Na wewe mzazi usiyejua kusoma? Unaweza kumsimulia hadithi, mkubwa wake akaiandika, naye akakusomea. Ukisikia hadithi yako imebadilika, ujue amekisia.

Mdogo wangu tulimrudisha kwenye silabi. Aliona aibu wiki moja. Baadaye mama alituma karatasi nyingine, naye akanisomea mimi.

Shule ikipatikana, mpelekeni, maana nyumbani hapachukui nafasi ya mwalimu. Lakini usiku wa leo, mwandikieni mtoto sentensi moja, mkae kimya, mumsikilize.

(Muziki wa kufungia)